Kutoka Reli ya Bububu hata Treni za Michenzani: Njia, Nyumba na Usalama wa Wakazi wa Ng'ambo, Unguja

Kila panapotokea shauri la kujenga nyumba nyingi mahali pamoja, swali la kwanza la wajenzi huwa ni hili: watakaa watu wangapi? Lakini swali la kwanza la wale waliokuwako kabla ya shauri hilo huwa jingine kabisa: magari yatapita wapi, na watoto wetu watavukia wapi? Maswali haya mawili hayapingani kwa asili yake, ila aghalabu huulizwa katika vyumba mbalimbali. La kwanza huulizwa mbele ya ramani, na la pili huulizwa barazani. Nia ya insha hii ni kuyaweka maswali hayo pamoja na kuyatazama kwa njia ya historia ya mji mmoja, nao ni mji wa Unguja, na khasa upande wake uitwao Ng'ambo.

Yafaa kwanza tumkumbushe msomaji jinsi mji huu ulivyokaa. Mji Mkongwe umejengwa juu ya rasi iliyokuwa karibu ya kuzungukwa na maji, kwa kuwa upande wa mashariki uliingia mkondo wa bahari uliojaa na kupwa. Ng'ambo ya mkondo huo ndiko walikokaa wengi wa watu wasiokuwa na nyumba za mawe: wavuvi, mahamali, mafundi, watumishi, watu waliotoka bara na visiwani Komoro, na, baada ya utumwa kupigwa marufuku mwaka 1897, watu wengi walioacha mashamba na nyumba za mabwana zao. Mkondo huo ulijazwa kwa hatua katika karne ya 20, na leo pana barabara mahali pake. Lakini majina hayakujazwa. Darajani pangali Darajani ijapokuwa daraja haliko, na Ng'ambo ingali Ng'ambo ijapokuwa mtu huvuka kwa miguu mikavu.

Sehemu zote mbili za mji, ya mawe na ya udongo, zilikuwa na jambo moja la kufanana: zilikuwa ni miji ya watu waendao kwa miguu. Katika Mji Mkongwe vichochoro vya Kiponda, Hurumzi, Mkunazini na Sokomuhogo vilipimwa kwa mabega ya hamali na mzigo wa punda. Ng'ambo nyumba zilijengwa kwa miti na udongo, zikaezekwa makuti, na mbele ya kila mlango palikuwa na baraza. Njia baina ya nyumba haikuwa njia tu ya kupitia. Ilikuwa ni ukumbi wa mtaa. Hapo watoto walicheza, wazee walizungumza, wanawake walianika na kuuza vyakula, na arusi na matanga yalipowekwa, njia ilifungwa bila ya kuomba ruhusa kwa mtu yeyote ila majirani. Hata majina ya mitaa yanaonyesha ya kwamba wenyewe waliihesabu miti na vivuli, si barabara: Michenzani, Kikwajuni, Miembeni, Mwembetanga, Mwembeladu.

Jambo la kwanza kubwa lililouingilia mwendo huo wa miguu halikuwa motokaa, bali gari la moshi. Mwaka 1905, wakati wa Sultani Ali bin Hamud, kampuni moja ya Kimarekani ya New York ilifungua reli iliyoanzia karibu na Ngome Kongwe, ikapita Malindi na kufuata pwani upande wa kaskazini hata Bububu, mwendo wa maili 7 hivi. Mwaka 1911 serikali iliinunua. Abiria walichukuliwa hata mwaka 1922, kisha reli ikatumika miaka michache zaidi kwa kazi ya kuchukulia mawe, na mwishowe ikang'olewa. Motokaa na mabasi ya shamba yalikuwa yamekwisha kuipokonya wateja wake.

Kwa mwanahistoria wa biashara, reli hii ni jambo dogo. Kwa mwanahistoria wa mitaa, ni mwanzo wa fikra mpya. Kabla yake, hapana kitu kilichopita mjini ambacho hakikuweza kusimama au kupiga kando alipotokea mtu mbele yake. Hamali hupaza sauti, punda husita, mwenye gari la ng'ombe huvuta kamba. Gari la moshi halipigi kando; mtu ndiye apigaye kando. Tena gari la moshi hutema cheche, na paa la makuti halihitaji zaidi ya cheche moja. Tangu hapo wajibu wa kujihadhari uligeuzwa: haukuwa tena juu ya apitaye, bali juu ya aliyekuwako. Na wajibu ukishageuzwa namna hiyo, ni vigumu kuurudisha mahali pake.

Baada ya Vita Kuu vya Kwanza serikali ya wakati huo ilianza kuutazama mji kama kitu cha kupangwa. Mtaalamu wa Kiingereza, Henry Vaughan Lanchester, aliyekwisha kufanya kazi ya namna hiyo katika Bara Hindi, aliitwa Unguja, na mwaka 1923 kitabu chake juu ya mpango wa mji kikapigwa chapa. Yeye alieleza jinsi mkondo, bandari na Ng'ambo zingeweza kutengenezwa kwa utaratibu mmoja. Mengi katika mapendekezo yake hayakutekelezwa, kwa sababu fedha hazikutosha. Lakini desturi moja ilibaki, nayo ni desturi ya kuitazama Ng'ambo kama tatizo lingojalo dawa. Watawala waliona humo nyumba zilizosongamana, maradhi, na hatari ya moto. Nao hawakukosea katika kila jambo. Moto ukishika makuti, gari la zimamoto haliwezi kupita katika uchochoro, wala mgonjwa hawezi kufuatwa kwa gari hata mlangoni pake.

Hapa ndipo tuonapo kiini cha mashindano yote yaliyofuata. Kwa mpangaji wa mji, usalama ni upana: hewa ipite, zimamoto lifike, uchafu uondolewe. Kwa mkazi wa mtaa, usalama ni wembamba: kisichoweza kwenda mbio hakiwezi kuua, na mgeni apitaye huonwa na macho ishirini kabla hajafika mwisho wa njia. Wote wawili wanasema juu ya usalama, na wote wawili wana haki. Kosa ni kudhani ya kwamba mmoja ana elimu na mwingine ana ujinga. Waswahili husema kitanda usichokilalia huwajui kunguni wake. Basi na mtaa usioukaa huzijui hatari zake, wala huzijui kinga zake.

Isidhaniwe kwamba wakazi wa Ng'ambo walikaa kimya wakingoja kuamuliwa. Mwaka 1928 waligoma kulipa kodi ya ardhi. Wengi wao walikuwa wamejenga nyumba zao wenyewe katika viwanja vya watu wengine, na wenye viwanja walikuwa wakizidisha kodi kila mara. Mabishano yalifikia hata watu wakaliendea gereza na kuwatoa wenzao waliofungwa, na serikali ikalazimika kuingia kati na kutunga sheria ya kuizuia kodi isipande ovyo. Tunalitaja jambo hili, ijapokuwa halikuhusu magari, kwa sababu linaonyesha mambo mawili. La kwanza, mtaa uliojengwa kwa njia nyembamba na mabaraza ulikuwa na nguvu ya kukusanya shauri moja kwa upesi. La pili, serikali ilisikia pale tu ilipolazimishwa kusikia. Swali la kodi liliamuliwa kwa mgomo, si kwa mkutano wa kuulizana.

Katika miaka ya 1940 ulikuja mpango mwingine. Eric Dutton, aliyekuwa Katibu Mkuu wa Serikali, alitaka kuitengeneza Ng'ambo upya kwa fedha za mpango wa maendeleo wa miaka 10, kuanzia 1946 hata 1955. Matunda yake yaliyo mashuhuri kabisa ni jengo la Raha Leo, lililokusudiwa kuwa kitovu cha maisha ya Ng'ambo, pamoja na nyumba za mfano zilizojengwa kwa safu. Lakini nyumba za mfano zilikuwa ghali kwa hamali na mchuuzi, na watu wengi waliendelea kujenga kwa namna waliyoizoea. Mwaka 1958 ukatolewa mpango mwingine tena, wa Henry Kendall. Basi katika muda wa miaka 35 Ng'ambo ilichorwa mara kadhaa, na kila mara barabara zilizonyoka katika karatasi zilipinda zilipofika kwenye milango ya watu.

Mapinduzi ya tarehe 12 Januari 1964 yalibadili mambo. Wengi wa wale walioingia madarakani walikuwa ni watu waliokuwa na jamaa na mizizi Ng'ambo, na Raha Leo yenyewe ndiyo iliyokuwa makao yao katika siku za mwanzo. Ardhi ilifanywa mali ya serikali. Swali la mwaka 1928 juu ya kodi ya kiwanja likafutika. Rais Abeid Amani Karume alitaka jambo lililo wazi na la haki: watu waliokaa katika nyumba za udongo wakae katika nyumba za saruji, zenye umeme, maji na vyoo vya ndani, wala wasilipe kwa jasho la maisha yao yote. Kwa msaada wa Ujerumani ya Mashariki yalijengwa majumba ya ghorofa Kikwajuni na Kilimani. Mwaka 1968 mtaalamu wa Kijerumani, Hubert Scholz, akatoa mpango wa mji mzima. Ndani yake Ng'ambo ya zamani ilikuwa iondolewe, na mahali pake pawe na majumba marefu kandokando ya barabara pana zinazokatana.

Kazi ya Michenzani ilianza karibu na mwaka 1970. Nyumba za chini zilibomolewa, njia mbili pana zilipasuliwa katikati ya mitaa, na kandokando yake yakasimama majumba marefu, kila moja la karibu mita 300. Wananchi walishiriki kwa mikono yao katika kazi za kujitolea. Majumba mengine ya namna hiyo, ijapokuwa madogo, yalijengwa mashamba, kama vile Bambi na Makunduchi, na Pemba huko Wete, Chake Chake na Mkoani. Karume aliuawa tarehe 7 Aprili 1972 pale Kisiwandui, mwendo mfupi kutoka Michenzani, na baada yake kazi ilipungua kasi. Mpango mzima haukutimizwa. Yaliyosimama ni majumba 10, na nyuma yake Ng'ambo ya zamani, pamoja na vichochoro vyake, ikabaki ikiishi kama ilivyokuwa.

Watu wa mji wakayapa majumba hayo jina lao wenyewe: wakayaita treni. Jina hilo lilitoka katika umbo lake, kwa kuwa ni marefu, yana madirisha yaliyopangwa safu kama mabehewa. Lakini yafaa tulifikiri zaidi. Kisiwa kilikuwa hakina reli kwa zaidi ya miaka 40, na watu wakachagua jina la kile chombo kilichokuwa cha kwanza kupita mjini bila ya kupiga kando. Hatusemi kwamba walikusudia kulaumu. Jina hilo lilitamkwa kwa fahari na kwa mzaha pia. Ila jina la mitaani mara nyingi huwa na maana zaidi ya moja, na msikilizaji hodari huzisikia zote.

Tuyatazame basi yale yaliyopatikana na yale yaliyopotea, kwa mizani moja. Aliyehamia Michenzani alipata sakafu isiyolowa wakati wa masika, paa lisiloshika moto, na taa ya kusomea. Haya si madogo, na mwenye kuyadharau ni yule ambaye hajakesha akihamisha mkeka kutoka kona moja mpaka nyingine kwa sababu ya mvua. Lakini maji hayakupanda ghorofani kwa urahisi, na ndoo ikarudi kichwani, mara hii ngazi kwa ngazi. Baraza haikupanda kabisa. Mama aliye ghorofa ya nne hawezi kumwita mtoto wake aliye njiani kwa sauti ile aliyokuwa akimwitia mlangoni, wala jirani wa ghorofa ya pili hajui ni mtoto wa nani. Na njia yenyewe, iliyokuwa ukumbi, ikawa barabara. Mtu wa upande mmoja aliyezoea kwenda kwa nduguye hatua 20, sasa alikuwa na uwanja mpana wa lami wa kuvuka.

Katika miaka ya mwanzo hatari hiyo haikuonekana sana, kwa sababu magari yalikuwa machache. Barabara zilikuwa kubwa kuliko haja yake. Watoto walicheza mpira juu yake na maandamano ya sherehe yalipita kwa nafasi. Hatari ya barabara pana ni kama deni: siku ya kukopa haiumi. Biashara ilipolegezwa katikati ya miaka ya 1980, magari yaliongezeka. Zikaja daladala, zikaja pikipiki za kubeba abiria, na mji ukapanuka kuelekea mashariki na kaskazini, kila mtaa mpya ukituma watu wake Darajani na bandarini kupitia katikati ya Ng'ambo. Mzunguko wa Michenzani, ambapo mnara wa ukumbusho wa miaka 50 ya Mapinduzi umesimama, umekuwa ni fundo la njia za mji. Barabara iliyochorwa mwaka 1968 kuonyesha adhama ya taifa jipya imekuja kuwa mahali ambapo mwanafunzi hungoja, mkoba begani, akitafuta mwanya baina ya gari na gari.

Msomaji aweza kuuliza: je, wakazi hawakusema lolote wakati ule? Jibu ni kwamba mahali pa kusemea palikuwa haba. Uchaguzi haukuwako, na Baraza la Wawakilishi halikuundwa hata mwaka 1980. Tena jambo lenyewe lilikuwa gumu kulipinga, kwa kuwa aliyelipinga angeonekana anaipinga nyumba ya saruji ya mwenziwe. Hii ndiyo hila ya shauri la namna hii, liwe la zamani au la leo: nyumba na barabara hufungwa pamoja kama mzigo mmoja, na yule autakaye mlango hulazimishwa kuukubali na mwendo wa magari mbele ya mlango. Lakini mambo mawili hayo yaweza kutenganishwa. Kuuliza watoto watavukia wapi si kukataa nyumba. Ni kuitaka nyumba iwe nyumba hata nje ya kizingiti chake.

Upande wa pili wa mkondo uliojazwa, Mji Mkongwe ulipata walinzi. Mamlaka ya kuuhifadhi iliundwa mwaka 1985, mpango wa hifadhi ulitayarishwa katika miaka ya 1990, na mwaka 2000 mji huo ukaandikwa na UNESCO katika orodha ya urithi wa dunia. Vichochoro vilivyohesabiwa zamani kuwa ni dhiki vikawa ni thamani, na wageni huvuka bahari ili watembee mahali pasipopita motokaa. Vespa na baiskeli hupita, na mara nyingine kwa mbio zisizofaa, lakini mwenye miguu angali ndiye mkubwa wa njia. Basi ni ajabu iliyoje kwamba wembamba uleule uliohifadhiwa upande wa magharibi wa Darajani ulihukumiwa upande wa mashariki! Mtu wa haki atauliza kama tofauti ilikuwa katika njia zenyewe, au katika nyumba zilizosimama kando yake na watu waliokaa ndani.

Swali hilo limeanza kupata jibu. Katika miaka ya 2010 Idara ya Mipango Miji na Vijiji ya Zanzibar, ikishirikiana na wataalamu wa Kiholanzi, iliendesha kazi iliyoitwa Ng'ambo Tuitakayo. Mitaa ilipitiwa, mabaraza, viwanja na majengo yakaandikwa katika ramani, na wakazi wakaulizwa ni nini wanachokithamini; atlasi ya Ng'ambo iliyotokana na kazi hiyo ilitolewa mwaka 2019. Jina lenyewe ni fundisho la sarufi na la siasa pamoja: kitenzi kimo katika nafsi ya kwanza wingi. Mipango ya 1923, 1946, 1958 na 1968 yote ilikuwa ni Ng'ambo waitakayo wengine.

Lakini kuulizwa mara moja si kuulizwa daima. Kwahani, mtaa ulio jirani ya Michenzani, nyumba za chini zilianza kubomolewa katika miaka ya mwisho ya utawala wa Rais Ali Mohamed Shein, uliokwisha mwaka 2020, ili majumba ya ghorofa yajengwe mahali pake. Hapana shaka nyumba zahitajiwa. Kisiwa ni kidogo, watu wanaongezeka, na kama mji hautapanda juu utazidi kuyala mashamba ya mikarafuu na minazi. Hoja ya kujenga ghorofa leo ni nzito kuliko ilivyokuwa mwaka 1968. Ndiyo maana yafaa historia ya Michenzani isomwe kabla ya saruji kukauka, wala isisomwe kama lawama kwa waliotangulia, bali kama hesabu iliyokwisha kufanywa na majibu yake yako wazi.

Hesabu hiyo, kwa maoni yetu, yatufunza mambo matatu. La kwanza, magari hayaji pamoja na majumba. Huja nyuma yake, baada ya miaka 20 au 30, na kwa hiyo barabara ipimwe kwa siku zijazo, si kwa siku ya ufunguzi. La pili, upana na wembamba vyote viwili ni kinga, na mpango mwema ni ule uachao njia ya zimamoto bila ya kuifanya kila njia kuwa ya kwenda mbio. La tatu, jirani asiyehamishwa naye pia ni mwenye haki katika shauri. Kwani aliyepewa nyumba mpya amepata badali ya kitu, lakini yule aliyebaki nyuma ya majumba, katika uchochoro wake wa zamani, amepewa barabara tu.

Mwenye kupanga mji hubakia katika kazi yake miaka michache, kisha huenda zake. Lanchester alikwenda, Dutton alikwenda, Scholz alikwenda. Mtaa hubaki na kile walichokiacha. Ni haki basi kwamba neno la mtaa lisikiwe kabla ya kigingi cha kwanza kupigwa, wakati mstari ungali ni wa kalamu na waweza bado kufutwa.